Sambaza wa Ukutani

Ukiwasha taa ghafla, usimtazame pale alipo.
Tazama anakoelekea.
Amekwisha kuwa maji, ameteleza nyuma ya fremu ya mlango,
nawe umebaki na kidole kwenye swichi,
hujui kama umeona kitu.

Nsimire, auzaye sambaza chini ya ngazi za Kadutu,
ndiye aliyempa jina, siku nilipompelekea mmoja
ndani ya kifuniko cha kopo la maziwa:
"Huyu si mende. Huyu ni sambaza wa ukutani."
Tukacheka. Lakini alisema kweli:
fedha ileile ya ziwani, wembamba uleule kuelekea mkiani,
ila huyu ana mikia mitatu, hana bawa,
wala hakaangwi.

Mwanzoni nililaumu wengine.
Mchwa nilimtafutia vijia vya udongo, sikuviona.
Fukusi yuko kwenye maharagwe, ana shughuli zake.
Nondo hutaka sufu, na koti la baba liliibwa mwaka wa vita.
Mende huacha harufu, na chembe nyeusi kama majani ya chai.
Huyu huacha vumbi la magamba tu,
na karatasi iliyolambwa mpaka mwanga unapita.

Valisi ya mama ilikaa chini ya kitanda miaka kumi na mmoja,
imeegemea ukuta unaotoka jasho tangu Septemba hadi Mei.
Bukavu mvua haipigi hodi. Ina ufunguo wake.

Ndani: kadi ya ubatizo, karatasi ya kiwanja,
kitabu cha mshahara cha kiwanda cha kwinini,
barua moja ya baba kutoka Kamituga.
Mama alizitia viraka mgongoni kwa uji wa muhogo, zisichanike.
Alidhani anaziponya.
Kumbe alikuwa anaandaa meza.

Kwenye karatasi ya kiwanja wamekula mhuri,
wamekula na nusu ya jina. Mwenye nyumba sasa ni Mushaga.
Karani wa mtaa aliinua miwani: "Mushaga nani?"
Nikamwambia nusu nyingine imeliwa.
Akaandika, *imeliwa*. Akadai ada.

Barua ndiyo iliyonishinda.
*Mke wangu, usimwambie Ntakwinja kwamba*
halafu tundu, kingo zake laini kama ufuo,
halafu: *mvua ikipungua nitakuja.*
Ntakwinja ni mimi.

Basi nikaanza kazi.
Zihindula akapanda juu, akaziba bati kwa lami.
Kitanda nikakitenga na ukuta, upana wa kiganja.
Chokaa mpya. Unga wa boriki kwenye nyufa,
kule mtoto wa dada asikofika.
Majani makavu aliyonipa shangazi yalinukia tu;
walitembea juu yake kama mkekani.
Julai ilipofika nikaanika karatasi kambani kwa vibanio,
wapita njia wakidhani nafua shule.

Na usiku, mtego: chupa ya mayonezi,
nje nimeizungushia plasta apate pa kukanyaga,
ndani kioo kitupu, na kijiko cha unga chini kabisa.
Hupanda, huingia, hula.
Kutoka, kioo hakimpi pa kushika.

Asubuhi ya kwanza, kumi na tisa.
Ya pili, saba.
Wiki ya tatu, mmoja, mkubwa, papasi zake ndefu kuliko mwili,
akizunguka, akizunguka.
Nikamwinua dirishani. Wanasema huishi miaka.
Huenda ndiye.
"Nisiambiwe nini?" nikamuuliza, kwa sauti,
mwanamke mzima na chupa ya mayonezi.

Nikammwaga uani. Kuku wa Nsimire akawahi.

Jumapili Nsimire alinibishia, ameshika yai.
Nilikaa nalo mkononi kitambo,
lilikuwa bado na joto.
Kisha nikakata kitunguu.